Leso Niliyoifungua Kabla Yako

Buyenzi, Avenyu ya 13,
Bujumbura.
Jumanne, 26 Februari 2002

Soumaya kaposwa! Kaposwa Jumapili, mbele ya watu, kwenye ukumbi wa bulingi, na leso ya posa nimeifungua mimi kwa mikono yangu hii miwili.

Haya, limetoka. Nilitaka nianze na salamu kama watu wanavyoanza, lakini neno hili limenikaa kooni tangu juzi kama mwiba wa sangala. Nikaona nikilichelewesha, hata salamu zenyewe zitatoka zimepinda.

Mpendwa Shemeji yangu Massoudi,

Asalam alaykum. Shikamoo yako, ipokee ukiwa umekaa. Goti linaendeleaje? Byamungu, huyu mfanyabiashara wa vitenge anayekuletea barua hii, alituambia siku hizi unakwenda msikitini na fimbo, na mi sikupenda kusikia. Paka mafuta ya karafuu, mguu uufunge na kitambaa cha moto, usingoje mpaka uvimbe. Dada Zuena sukari yake imeshuka? Na Hamimu amepata ile kazi ya stesheni, au bado wanamwambia njoo kesho? Ujiji mvua zimefika?

Sisi huku wazima. Tukisema wazima unajua tunasema nini: tumelala, tumeamka, tumeitana asubuhi na kila mtu ameitika. Milima bado inanguruma siku mojamoja. Ikinguruma tunafunga madirisha, ikinyamaza tunafungua, mchele unaendelea kuchemka.

Ila mimi mwenyewe situlii. Tangu Jumapili kila kiti nikikalia kinanichoma. Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliimwagia chai, ya pili niliinuka kuangalia maharagwe, kurudi nikakuta mjukuu wangu, mtoto wa Mwantum, ameichora bata. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usiseme shemeji amezeeka. Naandika nusu nimekaa, nusu nimesimama.

Nianze na mtoto wako. Soumaya ungemwona sasa! Anauza dawa kwenye famasi kule mjini, na ule mwandiko wa madaktari, ambao hata madaktari wenyewe hawausomi, yeye anausoma kama Kurani. Mwenye famasi haendi popote bila kumwachia ufunguo. Urefu kachukua kwa baba yake Khaled, sauti kachukua kwangu, na heshima, nasema ukweli, kachukua kwako. Ile miaka miwili mliyokaa naye Ujiji wakati huku kunawaka haikupotea. Mpaka leo akimaliza kula anasema alhamdulillahi kwa ile sauti yako nzito, watu wanacheka. Wasichana wa avenyu nzima, na si kwa sababu ni wangu, hawamfikii.

Sasa mwanaume. Anaitwa Faridi, fundi wa magari, ana gereji yake Avenyu ya 9, chini ya ule mti wa mwarobaini. Wazazi walishatangulia, amelelewa na shangazi yake, Mwavita. Mwavita unamjua, ni yule aliyekuwa anauza mikate ya sinia karibu na msikiti, mwenye mwanya. Kijana anaswali, hanywi, mikono yake ina mafuta ya injini mpaka kwenye kucha, lakini akija kwetu anainawa mpaka inakuwa myekundu. Mwaka mzima anakuja kutengeneza radio yangu. Shemeji, radio yangu haijawahi kuharibika. Nilimwacha atengeneze.

Habari za bulingi zilianzia hapo kwenye ufundi wake. Kuna ukumbi mmoja wa zamani, upande wa ziwa, wa Mgiriki mmoja mzee. Ndani kuna njia mbili ndefu za mbao zinazong'aa kama meza ya gavana. Mwisho wa kila njia wanasimamisha chupa kumi za mbao, halafu mtu anabingirisha tufe zito lenye matundu matatu ya vidole, aziangushe. Wazungu walikuwa wanalipia kufanya hivyo! Sasa wengi wameondoka, ukumbi umelala. Mashine ya umeme ya Mgiriki ilikufa, Faridi akaifufua kwa vipande vya lori. Mgiriki akafurahi, akamwambia: siku ya tatu ya Idi lete watu wako wote, mcheze mpaka alasiri, ukumbi ni wenu.

Basi Faridi akaalika nyumba yao na nyumba yetu. Hapo hata kipofu angeona. Mi nikajifanya sijaona, nikakaanga sambusa.

Tulikwenda watu wa kujaza teksi mbili na pikapu. Mimi, Soumaya, Mwantum na wanawe, Mwavita na ndugu zake, na jirani yetu Pascaline, yule Mkongo wa Bukavu anayeishi ukuta kwa ukuta na sisi. Pascaline ni Mkristo lakini Idi haimpiti. Nilivaa kile kitenge cha tausi ulichoniletea. Watu waliuliza kimetoka wapi, nikasema kwa shemeji yangu, nikasema kwa sauti.

Shemeji, zile kelele! Ukumbi wenyewe ni bati juu, mbao chini. Tufe likibingirika ni kama ngoma ya harusi inayokuja kutoka mbali, halafu chupa zinaanguka, pa-pa-pa-pa, watoto wanapiga makofi, mashine ya umeme inakohoa nje, na wanawake wote wanaongea kwa pamoja maana ukingoja zamu yako hutasema kitu mpaka kiama. Viatu tuliambiwa tuvue. Tukacheza peku, vitenge tumevikunja kiunoni.

Mi nilijitahidi. Tufe la kwanza liliingia mtaroni, ule mfereji wa pembeni mwa njia. La pili pia. Pascaline huyo anapiga kelele huku nyuma:

"Mama Soumaya! Unatupa sawa vile mutu anamwanga mayi ya kuosha bisahani!"

"Njoo utupe wewe!"

"Mi nitatupa, lakini nangoja ule ukuta uondoke njiani!"

Hapo alikuwa anamsema Mwavita, aliyesimama katikati ya njia na mwili wake wote, amelishika tufe kwa mikono miwili, miguu ameipanua, akalisukuma kutoka katikati ya magoti kama mtu anayejifungua. Tufe likaenda polepole, polepole, tukawa tunalisindikiza kwa macho, mpaka tukadhani limelala. Likafika, likaangusha chupa sita. Mwavita akatugeukia na ule mwanya wake:

"Nguvu si kitu, wanangu. Ni subira."

Ile mashine ya kusimamisha chupa Faridi hakuweza kuifufua. Kwa hiyo yeye mwenyewe aliingia kule nyuma ya pazia, akawa anazisimamisha kwa mkono, moja moja. Tulikuwa tunaona miguu yake tu. Mchumba anakuja kuonyeshwa kwa wakwe, anaonyesha miguu! Lakini hakulalamika. Saa nzima aliinama kule, anaokota chupa ambazo sisi tunaziangusha tukicheka. Nikasema moyoni, huyu ataweza kukaa na wanawake wa kwetu.

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe. Ngoja nivute pumzi.

Nimerudi. Nilikwenda mpaka mlangoni nikaangalia barabara, hakuna kitu, nikarudi.

Mila yetu unaijua kuliko mimi. Leso ya posa ikija na barua ndani yake, mama wa binti anaipokea na fundo lake, haligusi, anaipeleka kwa upande wa baba. Mwanaume wa upande wa baba ndiye anayefungua fundo mbele ya wazee, na fundo likishafunguliwa ndiyo posa imekubaliwa, hakuna kurudi. Khaled hayupo, Mungu amrehemu. Fundo la Soumaya ni lako. Hilo nalijua nikiwa macho na nikiwa usingizini.

Mwavita naye analijua. Alipanga aje kwangu Jumatatu na wazee wawili, kwa adabu, ili leso ifunge safari ya kuja Ujiji kwako. Lakini barua aliichukua kwa mwalimu wa madrasa aliyeiandika asubuhi hiyo hiyo ya Jumapili. Akaifunga kwenye leso nyeupe, akatia karafuu na ua la asumini, na kwa kuwa hakutaka kuiacha nyumbani peke yake, siku hizi mtu haachi kitu cha maana nyumbani, akaitia kwenye kikapu chake. Kikapu hicho hicho alichotia vileso vyake vya visheti. Kikapu akakiweka kwenye benchi, karibu na sambusa zangu.

Mimi nilikuwa nimekula. Sambusa zangu zina mafuta, hilo halikataliki, sambusa kavu ni ya mchoyo. Zamu yangu ikafika, nikashika tufe, likaniponyoka likaanguka, kidogo linivunje kidole cha mguu. Pascaline: "Futa mikono kwanza, mama, unataka kutuua Idi mubarak?" Wote wanapiga kelele, zamu inapita, mi nina haraka. Nikaingiza mkono kwenye kikapu cha Mwavita, nikashika kitambaa cheupe kina fundo, nikasema hiki kilikuwa cha visheti, nikavuta fundo kwa meno.

Kwa meno, Shemeji. Sikufichi kitu.

Karafuu zikamwagika miguuni. Harufu ya asumini ikapanda. Barua ikaanguka kwenye mbao, imelala kifudifudi, halafu upepo wa feni ukaigeuza. Juu yake mwandiko mzuri wa mwalimu: Kwa Mzee Massoudi, Ujiji. Jina lako. Jina lako lilikuwa chini ya nyayo zangu zisizo na viatu, na leso mkononi mwangu ina mafuta ya sambusa.

Kabla sijafumba mdomo, wanawake wa Mwavita walishaona. Kigelegele cha kwanza kilitoka, sijui kwa nani. Halafu vyote vikatoka. Lile bati nilidhani litang'oka.

Soumaya alikuwa njia ya pili, ametugeuzia mgongo, tufe liko mkononi. Hakujua kitu. Alifikiri vigelegele ni vyake, watu wanamtia moyo. Akajivuta nyuma, hijabu ikapepea, akatupa. Shemeji, lilikwenda katikati kama limechorewa mstari. Chupa kumi zote zikaruka. Zote! Hata Mgiriki aliinuka kwenye kiti chake. Mtoto wangu hakuwahi kushika tufe maishani mwake kabla ya siku ile.

Chupa moja ilimpata Faridi kwenye muundi. Akatoka nyuma ya pazia anachechemea, kashika mguu, anauliza, "Kuna nini? Nani ameumia?"

Mwavita akamjibu kutoka huku, "Umekubaliwa, mjinga we! Toka nyuma ya chupa!"

Soumaya akageuka. Akaniona mimi na leso. Akaangalia chini, akaona barua. Aliokota yeye, akaifuta vumbi kwa kiganja, akasoma lile jina juu, akanikabidhi. Hakucheka na hakulia. Nilimwogopa.

Hapo hapo mlango ukapigwa. Askari. Watatu, kutoka kwenye bariyeri, kile kizuizi cha njia ya ziwa. Walisikia pa-pa-pa, wakasikia kelele za wanawake, wakadhani watu wanauawa humu ndani. Tulinyamaza wote, hata watoto. Mashine tu ndiyo iliendelea kukohoa.

"Nani anapiga risasi humu?" akauliza mkubwa wao.

Pascaline, ambaye Mungu hakumuumba na woga, akajibu, "Apana risasi, chefu. Ni bichupa ya miti. Angalia." Akachukua tufe, akatupa, likaingia mtaroni. "Bon, mi siwezi. Lakini wengine wanaweza."

"Na hizo kelele?"

"Posa, chefu. Mutoto amepata bwana."

Yule askari akatuangalia wote, na miguu yetu peku, na karafuu zilizomwagika. Akauliza mzazi ni nani. Nikasogea, leso iko mkononi. Baba wa mtoto? Nikasema alifariki. Nani basi atamtoa huyu binti? Nikasema baba yake mkubwa, yuko ng'ambo, Ujiji.

"Na atakuja? Kwa vita hii?"

Nikasema, "Atakuja."

Akasema, "Mama, basi huyo ni mwanaume." Akawaita wenzake wakatoka. Mmoja alibeba sambusa mbili.

Kwa hiyo nina makosa mawili kwako. La kwanza nilifungua lisilo langu. La pili nilisema utakuja kabla sijakuuliza. La kwanza lilikuwa mafuta na haraka. La pili sijui lilikuwa nini, lilitoka lenyewe.

Mambo ya Mwantum sijayasahau, na najua na wewe hujayasahau. Mwaka ule wa sitini na sita, tisini na sita nataka kusema, unaona akili yangu ilipo, mipaka ilifungwa, barua ilikufikia wiki tatu baada ya ndoa, na ukakaa miaka miwili bila kutuandikia. Sikukulaumu. Lakini nililia. Mwantum naye, mpaka leo picha ya harusi yake haitundiki, anasema kuna mtu anakosekana ndani yake. Usidhani ya leo ni yale yale. Ile leso nimeifua, nimeinyoosha, nimeifunga tena na barua ndani, nimeiweka kwenye sanduku la Khaled. Barua sijaisoma. Wallahi sijaisoma, ijapokuwa Pascaline kila siku ananiuliza kupitia ukutani imesema nini. Mwavita mwenyewe amekubali: mkono wa mama si mkono wa baba, fundo linamngoja mwenyewe.

Lakini kubwa si Mwavita. Kubwa ni mtoto wako. Tuliporudi aliingia chumbani, akatoka jioni, akaniambia maneno machache tu. Kasema, "Faridi namtaka, mama. Ila Baba Mkubwa asipokaa pale, mi siolewi. Mwambie hivyo." Nikamwambia kuna wakala, mwalimu kasema wali, yaani msimamizi wa binti, anaweza kumweka mtu badala yake, kwa barua. Akasema, "Wakala hakunibeba mgongoni kutoka bandarini." Akaenda kuosha vyombo. Nikamsikiliza anavyoviosha, nikajua hatarudi nyuma. Unajua ukaidi huo ni wa nani.

Na Faridi naye anangoja. Jana alikuja, radio hakuigusa. Alikaa kwenye kizingiti, mguu umefungwa bendeji, akaniuliza, "Mama, Mzee ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia mengi, mengine niliyazidisha.

Najua ulichoapa. Nilikuwepo pale bandarini, siku ulipomrudisha Soumaya na risasi zikapita juu ya magunia ya chumvi. Uliapa kwa Mungu hutakanyaga Bujumbura mpaka bunduki zinyamaze. Hazijanyamaza, sitakudanganya. Kuna serikali mpya, kuna mazungumzo, kuna siku nzurinzuri, lakini hazijanyamaza. Tukizingoja, Soumaya atazeeka famasini. Huku hakuna anayepanga jambo la miezi mitatu mbele. Watu wanaoa wakipata wiki tulivu.

Nimemuuliza mwalimu habari ya kiapo. Kasema kiapo kilichozuia jambo la heri kinavunjwa kwa kafara, kulisha maskini kumi, na mwenye kiapo anaweza kuagiza alishiwe na mtu mwingine. Maskini kumi, Shemeji! Hapa ukitoka mlangoni unawapata kabla hujafika kwenye kona, waliokimbia vita wamelala mpaka kwenye baraza ya shule. Nitawapikia pilau mimi mwenyewe, nyama, zabibu, kila kitu, na wewe unanijua, nikipika pilau maskini anasahau kwamba ni maskini.

Mkono uliniwasha nianze leo leo. Mchele ninao. Nilishaosha sufuria kubwa. Halafu nikasimama nayo mkononi nikajiambia, Khadidja, hili nalo unalifungua kabla ya mwenyewe? Nikairudisha juu ya kabati. Kiapo ni chako, kafara ni yako. Niandikie neno moja tu, "Lisha," na Byamungu akirudi nalo, siku hiyo hiyo moshi utatoka jikoni kwangu. Ukiandika neno jingine, nitalisoma pia, na nitamwambia Soumaya jinsi lilivyo, bila kulipaka sukari.

Njiani usiogope zaidi ya kawaida. Meli inafika mchana, bandarini atakungoja Faridi na pikapu ya gereji, atakuja na mkongojo wa kukusaidia goti. Utalala kwenye chumba cha Khaled. Godoro nimelianika juani, siku ya pili hii.

Nisalimie sana Dada Zuena, mwambie nimemwekea kanga mbili na asipokuja nitazivaa mimi. Msalimie Hamimu, na Ramla na mwanawe mpya ambaye bado hamjaniambia jina lake. Mwantum anakushika mkono, na watoto wake wote, hata yule mchora bata. Pascaline anasema anakusalimu kwa jina la Yesu na atakupikia sombe, kisamvu cha kwao. Mwavita anakusalimu kwa unyenyekevu, nimemwambia auongeze.

Mungu akulinde mbele na nyuma, aipe nguvu miguu yako, awape watu wa ziwa lote usingizi mzuri. Amina.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye tangu nilipoingia ukoo huu na wewe ukanivua viatu mlangoni,

Khadidja, Mama Soumaya

Nimemsomea Mwantum barua yote, akaniuliza, "Mama, na siku?" Nimeandika kurasa zote hizi, siku sikuiandika. Meli yako ni ya Alhamisi, tarehe 14 Machi. Ijumaa utapumzika na utaswali na watu wa zamani. Kwa wengine wote, wa Mwavita na wa kwetu, tumesema Jumapili, tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, ufungue fundo na ndoa ifungwe.